Nilivyomkimbia Mtoza Kodi Nikamwangukia Glenys

Kama hukusoma safu yangu wiki iliyopita, hukukosa raha yoyote. Mama yangu alifariki mwezi wa kwanza akiwa na miaka tisini na mmoja. Nyumba yake ikauzwa, ndugu yangu akachukua nusu, mawakili wakalamba chao, na mimi Norman Thackray, fundi lifti mstaafu wa mji wa Keighley, Uingereza, nikabaki na pauni elfu arobaini.

Mtu aliyepoteza njiwa kumi na wawili wa mashindano, leseni ya udereva na jino la dhahabu ndani ya miezi minane, kama nilivyokwisha kuwasimulia, angeshukuru Mungu akatulia.

Mimi sikutulia. Nilianza kuwaza kodi.

Hakuna kiumbe ninayemchukia duniani kama mtoza kodi. Mwaka wa tisini na sita aliniandikia akidai pauni sitini na moja. Nililipa. Tangu siku hiyo nikiona bahasha ya kahawia imeangushwa mlangoni, naizunguka mara mbili kabla sijaiokota.

Kwa hiyo Jumapili moja, mwisho wa mwezi wa tatu, tukiwa mezani, nikatangaza: "Mwaka wa kodi unaisha tarehe tano mwezi ujao. Nimeamua. Hela za mama zinakwenda kwenye akaunti isiyotozwa kodi."

Mezani tulikuwa watatu. Mke wangu Glenys, aliyepika jikoni shuleni miaka ishirini na sita mpaka magoti yakagoma. Mimi. Na shemeji yangu Idris, kaka yake Glenys, fundi rangi wa nyumba, mtu ambaye akisema sentensi mbili kwa siku amehutubia.

Siku hiyo alihutubia.

"Ningekuwa mimi ningeziweka kwenye ya kawaida," akasema. "Inalipa tano kwa mia. Hiyo yako inalipa nne."

"Na kodi, shemeji?"

"Kodi ipi? Riba ya mwaka ikiwa haijapita elfu moja hawaigusi."

"Nani kakudanganya?"

"Hajanidanganya mtu. Imebandikwa ukutani pale chama cha akiba. Mimi zangu elfu ishirini zipo kwenye ya kawaida mwaka wa tatu. Sijaona bahasha."

"Idris," nikamwambia, "wewe kazi yako ni kupaka kuta rangi. Hakuna aliyekutuma uzisome."

Nilicheka mpaka nikapaliwa na kiazi. Idris akarudi kwenye nyama yake. Glenys hakucheka. Alinigonga mgongoni mara mbili, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Jumatano tukaenda mjini, mimi na Glenys. Nilimchukua awe shahidi wa sahihi yangu tu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri siku hiyo, nami nimeahidi kusema yote.

Pale chama cha akiba tulipokewa na Shazia Iqbal, binti mpole mwenye kalamu nyuma ya sikio. Nikamweleza haja yangu. Akachukua karatasi, akaanza kunipigia hesabu kama mtu anayemvalisha mtoto viatu.

"Mzee Thackray, ukiweka elfu arobaini zote akaunti ya kawaida, kwa mwaka unapata riba elfu mbili. Elfu ya kwanza haitozwi. Ya pili unakatwa mia mbili. Unaondoka na elfu moja na mia nane."

"Mia mbili kwa mtoza kodi!"

"Ndiyo. Sasa, akaunti isiyotozwa kodi. Nne kwa mia. Unapata elfu moja na mia sita, na hukatwi kitu."

"Hata senti?"

"Hata senti. Lakini mzee, mia sita si ndogo kuliko mia nane?"

"Binti yangu, mimi nilijua hesabu kabla mama yako hajazaliwa."

"Kwa hiyo umeona."

"Nimeona. Nimeona mia mbili zinakwenda kwa mtoza kodi."

Shazia akamtazama Glenys. Glenys akatazama dirishani. Kuna namna wanawake wanavyotazamana bila kutazamana, na mwanamume mwenye akili huanza kuogopa hapo.

Mimi nilikuwa naagiza chai ya bure.

"Kuna jambo lingine," Shazia akasema. "Hii isiyotozwa kodi ina mpaka. Mtu mmoja, elfu ishirini kwa mwaka. Basi."

"Na ishirini nyingine?"

"Unaweza kumpa mama hapa, akafungua yake. Tena mkigawana hivyo, hata kwenye ya kawaida hamkatwi kitu. Kila mmoja anapata elfu yake ya riba, ndani ya msamaha. Jumla elfu mbili kamili. Ndiyo nzuri kuliko zote, kwa kweli."

"Leo serikali inasema elfu moja. Kesho itasema mia. Keshokutwa itakuja kuhesabu vijiko vyangu," nikasema. "Isiyotozwa. Mbili. Yangu na yake."

"Akaunti hizi hazina ubia, mzee. Hakuna jina mara mbili. Ya kwako ni ya kwako. Ya mama ni ya mama."

Hapo Glenys akageuka kutoka dirishani.

"Kwa hiyo ni yangu?" akauliza.

"Ni yako kwenye karatasi," nikamjibu.

"Nimemuuliza huyu dada."

"Ni yako kabisa, mama," Shazia akasema.

"Yangu kwamba nikitaka kuchukua nachukua?"

"Inategemea umeifungaje."

Basi nikaingia tena kwa mbwembwe, mimi bingwa. Ya kwangu nikaifunga miaka mitano, maana ukifunga wanakuongezea robo juu ya ile nne kwa mia. Nikiivunja kabla ya muda nakatwa riba ya mwaka mzima, mia nane na hamsini. Sawa. Na ya Glenys nikaagiza iwe wazi, ya kutoa siku yoyote.

"Ya dharura," nikamweleza Shazia kwa sauti ya chini. "Nikikwama, namtuma anitolee."

"Ya dharura," Glenys akarudia. Akaweka sahihi. Mwandiko mzuri ajabu. Sikuwahi kuuona ukikaa vizuri hivyo katika miaka thelathini na nane ya kumkagulia risiti.

Ndiyo, nilikuwa namkagulia risiti. Kila Ijumaa nampa hela ya matumizi, kila Alhamisi ananiletea vikaratasi. Siagi imepanda kwa nini? Viatu vya nini, vile vingine vimekufa? Wasomaji wa kike, najua mnavyonitazama. Endeleeni. Ninastahili.

Wiki tatu zikapita. Nilitembea Keighley kifua mbele kama mtu aliyeshinda vita. Nikikutana na Idris namuuliza, "Vipi shemeji, hawajakuletea bahasha?" Anatikisa kichwa, anaendelea na ngazi yake.

Mwisho wa mwezi wa nne, mvua ya barafu ikashuka kutoka milimani, na mtambo wetu wa kupasha nyumba joto ukakohoa mara tatu, ukafa.

Fundi akaja, akaufungua, akaufunga.

"Mzee, huu ni wa kuzika."

"Mpya kiasi gani?"

"Elfu tatu na mia mbili, na kufunga."

Mfukoni nilikuwa na mia nne. Ya kwangu imefungwa miaka mitano. Kuvunja ni kutupa mia nane na hamsini. Nikatabasamu. Si ndiyo maana nilipanga mambo kwa akili?

"Glenys," nikaita, "kesho twende mjini ukatoe elfu tatu na mia mbili."

Alikuwa amekaa jikoni na koti lake na kofia ya sufu, anakunywa chai.

"Za nini?"

"Za nini? Pua yako imekuwa bluu, unaniuliza za nini?"

"Nauliza tu. Si ndivyo tunavyouliza humu ndani?"

"Za mtambo, mke wangu."

"Umeuliza mafundi wangapi?"

"Mmoja."

"Niletee bei za watatu," akasema. "Kwa maandishi."

Nilidhani anatania. Nikacheka. Yeye akanywa chai.

Nilikwenda kutafuta mafundi wawili zaidi. Jamani, kwa miguu, kwenye mvua ile, maana leseni mnajua ilikoishia. Nikamletea karatasi tatu. Akavaa miwani. Akazisoma moja moja, akanyoosha kidole kwenye ya pili.

"Hii mia na themanini ni ya nini?"

"Ya kuondoa mtambo wa zamani."

"Huwezi kuuondoa mwenyewe? Si ulikuwa fundi?"

"Wa lifti, Glenys!"

"Mm," akasema. Akazikunja, akaziweka kwenye mfuko wa aproni. "Nitafikiria."

Akafikiria Jumatatu. Akafikiria Jumanne. Jumatano nililala na soksi jozi tatu na gazeti tumboni, naye akalala na chupa mbili za maji ya moto. Nilipoomba moja akaniambia, "Andika ombi."

Alhamisi alitoka asubuhi na mkoba, akarudi jioni akinuka mafuta ya kukaangia. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema, "Natafuta bei."

Ijumaa nikaamka, hayupo. Kitanda upande wake kimetandikwa. Koti hakuna. Sanduku dogo la juu ya kabati hakuna. Na sufuria yake kubwa ya chuma, ile aliyopewa shuleni siku ya kumuaga, haipo mahali pake.

Sitawadanganya. Kitu cha kwanza nilichofikiria hakikuwa mke wangu. Nilifikiria elfu ishirini. Nikavaa viatu mbio mbio nikateremka mjini.

"Shazia, binti yangu. Niambie tu ile akaunti ya Glenys ina kiasi gani."

"Siwezi, mzee."

"Niambie tu kama ipo."

"Hata hilo siwezi. Si ya kwako."

"Hela ni za kwangu!"

"Zilikuwa," akasema taratibu. "Ukampa. Karatasi hii hapa, na sahihi yako. Nilikwambia haina ubia, mzee wangu. Nilikwambia mara mbili."

Nikapiga meza. Mlinzi akainuka. Shazia akamwashiria akae. Halafu yule binti mwenye huruma, bila kusema neno ambalo lingemfukuzisha kazi, akageuza macho yake polepole kuelekea dirishani.

Nikageuka nami.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la samaki na chipsi, la mzee Hardcastle, aliyekuwa anasema miaka yote atastaafu na hastaafu. Mlangoni kulikuwa na ngazi. Juu ya ngazi, Idris. Mkononi, brashi. Ubao ulikuwa wa kijani kibichi, na kwa herufi nyeupe zenye ukubwa wa mbwa, rangi ikiwa bado mbichi:

GLENYS.

Nilivuka barabara bila kutazama. Gari likanipigia honi, nikalitukana.

"Idris! Hii ni nini?"

Akamalizia kona ya herufi ya mwisho kwanza. Kisha akanitazama chini.

"Ni ukuta, shemeji," akasema. "Leo nakuruhusu usome."

"Hela zimetoka wapi?"

"Ishirini zake. Ishirini zangu. Zangu zilikuwa kwenye akaunti ya kawaida." Akachovya brashi. "Niliomba asubuhi, nikapata asubuhi."

Nikasukuma mlango.

Ilikuwa saa sita mchana, siku ya Ijumaa, na nyie mnajua foleni ya samaki siku ya Ijumaa, siku ambayo Keighley nzima hula samaki. Watu kumi na watano, wote wananijua. Kulikuwa na joto mle ndani. Wiki nzima nilikuwa sijakaa mahali penye joto. Miwani yangu ikapata ukungu, na kwa muda sikuona kitu ila mvuke unaonuka siki.

Nilipoifuta nikamwona. Glenys, aproni nyeupe, nywele zimefungwa, anageuza samaki kwa koleo kama mtu aliyezaliwa pale. Amesimama wima. Magoti yale yale.

"Glenys!"

"Foleni inaanzia nyuma, mpenzi," akasema bila kuinua kichwa.

Watu wakacheka. Nikaenda moja kwa moja mpaka kaunta.

"Hela zangu ziko wapi?"

Akaonyesha sufuria ya mafuta kwa koleo. "Humo. Unataka na njegere za kupondwa?"

Wakacheka zaidi. Bibi mmoja mbele ya foleni alicheka mpaka akashika ukuta. Damu ikanipanda.

"Unacheza na hela za mama yangu!" nikapaza sauti. "Mama yangu! Hajamaliza nusu mwaka kaburini!"

Kicheko kikakatika.

Glenys akaweka koleo chini. Akafuta mikono, kidole kwa kidole. Nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini na nane, nimemwona kachoka, nimemwona kanuna. Siku hiyo hakuwa amechoka wala hakuwa amenuna, na sikujua niweke uso wangu wapi.

"Mama yako," akasema. "Miaka tisa, Norman. Mitaa miwili tu kutoka kwetu. Nani alimwogesha?"

Nikaanza kufuta miwani tena.

"Nani alimkata kucha? Nani alimlisha uji wa shayiri kijiko kwa kijiko, natoka kwa watoto mia tatu wa shule, napanda ule mlima kwenda kwake? Wewe ulikuwa na njiwa."

"Nilikuwa nakwenda Jumapili."

"Ulikuwa unakwenda Jumapili, unakaa na koti mwilini, unaangalia saa."

Mzee mmoja kwenye foleni akakohoa. Ningependa kuandika hapa kwamba Glenys alikuwa ananisingizia. Gazeti hili lingechapa, na nani angejua? Lakini hakunisingizia. Nilikuwa sivui koti.

"Siku ile kwa Shazia," akaendelea, "niliuliza kama ni yangu. Niliuliza kwa sababu miaka yote sikuwahi kuwa na kitu nikaambiwa ni changu. Wewe ulikuwa unawaza mia mbili za mtoza kodi. Hukusikia hata nilichouliza."

"Rudi nyumbani," nikasema. Sauti ikatoka ndogo kuliko nilivyotaka. "Tutazungumza."

"Nyumbani kuna baridi."

"Glenys."

Akakaza kamba ya aproni. Mafuta yakaendelea kuchemka nyuma yake.

"Sawa," akasema. "Nitakuuliza swali moja. Hawa wote mashahidi. Ukijibu, navua aproni hii sasa hivi, Hardcastle ananirudishia hela mpaka saa kumi leo, tulikubaliana hivyo, na zote ishirini naandika jina lako. Nanunua na mtambo."

"Na nisipojibu?"

"Chumba cha juu ya duka kina kitanda. Nimeshatandika."

Nikatazama foleni. Hakuna aliyekuwa anaangalia bei tena.

"Uliza," nikasema.

"Mwaka wake wa mwisho mama yako alipoteza majina. Lako, langu, ya majirani, yote. Lakini mimi alikuwa ananiita, kila siku, nikifungua tu mlango. Jina moja, hakubadilisha hata mara moja. Jumapili zako zote ulikuwepo, ulisikia." Akaegemea kaunta. "Alikuwa ananiita nani?"

Nilitafuta. Naapa nilitafuta. Nilikiona kile kiti cha mama, blanketi la bluu, dirisha la uani. Niliiona saa ya ukutani niliyokuwa naiangalia, mpaka na namba zake za Kirumi. Mdomo wa mama niliuona unafunguka, Glenys akiingia na trei. Sauti haikuja.

Nikainua macho, na juu ya bega la Glenys, kwenye kioo cha ukutani nyuma ya kaunta, nikamwona Idris.

Alikuwa ameingia, amesimama mlangoni nyuma yangu na brashi yake inadondosha rangi nyeupe sakafuni. Alikuwa ananitazama kwenye kioo. Na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Ikafungana, ikaachana. Ikafungana, ikaachana. Neno fupi. Akalirudia.

Idris, niliyemcheka mezani pangu mbele ya dada yake. Idris, ambaye nikijibu sawa anapoteza mbia na duka siku hiyo hiyo, na rangi ya ubao haijakauka. Hajawahi kunidanganya maishani. Wala sijawahi kumpa sababu ya kuniokoa.

"Samaki wanaungua, Norman," Glenys akasema.

Midomo ya Idris ikalirudia neno lile mara ya tatu. Nikavuta pumzi, nikalitaja: "Mama."